Phelix Omollo wa Kapsoit, Fundi wa Kung'arisha Magari, Hakuwa Mlevi

Mchungaji wetu, ambaye leo umekaa kwenye kiti cha plastiki kama jirani, wazee wa kamati, wanakwaya mliokuja bila sare zenu, majirani wa Kapsoit, wateja wa marehemu, na watu wetu mliosafiri kutoka upande wa ziwa, historia hii imeandikwa na mjane, Eddah Bitutu, kwa mkono wake mwenyewe, na inasomwa na Gordon Omollo, mdogo wake marehemu, ambaye pia ni katibu wa kamati ya kanisa. Gordon amekubali kuisoma yote jinsi ilivyo, bila kuruka mstari, hata pale jina lake litakapotajwa, na litatajwa. Ni ndefu kidogo, mtuwie radhi, lakini mtu aliyesingiziwa mwaka mmoja na nusu hawezi kusafishwa kwa dakika tano.

Phelix Otieno Omollo alizaliwa tarehe 9 Juni 1979 katika zahanati ya shamba la majani chai nje kidogo ya mji wa Kericho, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Omollo, aliyekuwa akichochea boila ya kiwanda, na marehemu Mama Syprose, aliyechuma majani miaka ishirini na sita mpaka vidole vyake vikawa na weusi usiotoka kwa sabuni. Gordon alimfuata baada ya miaka minne, wakalala kitanda kimoja katika nyumba za kampuni, na ni Phelix aliyekuwa akimbeba mgongoni kumrudisha kutoka nasari mvua ya saa nane ilipoanza, huku Gordon akimvuta masikio kama usukani. Gordon alipofika hapa mara ya kwanza alipokuwa akijizoeza kusoma, aliomba sentensi hiyo iondolewe kwa sababu ingemshinda, na Eddah akamwambia aiache imshinde.

Phelix alisoma katika shule ya msingi ya shambani kuanzia 1986 hadi 1993, akafanya mtihani na kupita vizuri, akaingia sekondari ya kutwa Januari 1994, lakini Mzee Omollo alipofariki tarehe 2 Novemba 1995 akiwa bado kazini, Phelix aliiacha shule akiwa Fomu Tu, akamwachia Gordon sare na nafasi. Hakuna siku aliyomkumbusha mtu jambo hilo. Hata Eddah alilijua kwa kuambiwa na mama mkwe.

Januari 1996 alianza kazi katika gereji moja ya kunyoosha bodi za magari Londiani, kazi yake ikiwa kusugua rangi ya zamani kwa msasa na maji, asubuhi, katika baridi ile ya Londiani mnayoijua, mpaka mikono inaacha kusikia. Mwaka 1999 alihamia Nakuru, akapata fundi mmoja mzee aliyemfundisha kwamba kupaka rangi ni kazi ya wengi, ila kuirudisha rangi iliyochoka ing'ae bila kupaka mpya ni kazi ya mwenye macho. Akaishika kazi hiyo na hakuiachia tena. Tarehe 9 Machi 2009 alirudi nyumbani na kufungua banda lake hapa Kapsoit, katika ploti ya Mzee Bethwel Kiptum, ambaye yuko nasi, na ambaye ng'ombe wake ndio wametoa maziwa ya chai mnayokunywa.

Wengi wenu mlileta magari kwake bila kujua alikuwa akifanya nini humo ndani siku nzima, kwa hiyo Eddah ameona aeleze, kwa sababu bila hilo kesi yenyewe haieleweki. Huku kwetu gari hulala nje kwenye ukungu, asubuhi mwenyewe anatoka na kitambaa kikavu, anapangusa umande uliochanganyika na vumbi jekundu, anafikiri anasafisha, kumbe anaisugua rangi kwa mchanga, na jua likitoka unaona mistari ya mviringo imeizunguka bonneti yote kama utando wa buibui. Phelix alikuwa akimuuliza mteja kwa upole kabisa, "Mzee, hii ulipangusa na nini, gunia?" Kisha anaiosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ili mchanga usirudi, anabandika tepu kwenye kingo zote, kwa sababu kwenye kingo ile klia, yaani vanishi angavu iliyo juu ya rangi, ni nyembamba sana na bafa, ile mashine ya kusugulia, ikipita hapo mara mbili inaungua, anapiga kompaundi, anapiga polishi kwa sponji laini, na kila akimaliza kipande anakipangusa kwa spiriti ili mafuta ya polishi yasifiche mistari iliyobaki, halafu anamulika kwa tochi. Akiona mstari mmoja, anarudia. Nguo zake zilinuka spiriti miaka kumi na sita, na mikono, na hata mto wake wa kulalia, na tafadhalini mlikumbuke hilo.

Eddah alikutana naye Nakuru mwaka 2005, alipokwenda na mjomba wake kuchukua gari. Gari lilikuwa linang'aa mpaka unajiona meno, na huyu kijana bado yuko chini ya mlango anamulika, Eddah akamuuliza kama hajui kuridhika, naye badala ya kumjibu akampa tochi, akamwonyesha ashike wapi, na Eddah akaiona ile mistari, myembamba, mingi, mahali alipodhani hakuna kitu. Akampenda kuanzia hapo, au tuseme alipenda kwamba yupo mtu anayeona kasoro zote na hakasiriki. Walifunga ndoa kanisani Fort Ternan, nyumbani kwa wazazi wa Eddah, Jumamosi tarehe 16 Desemba 2006, na Mungu akawapa mabinti wawili, Maxine, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2007, na Beverly, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2012. Phelix alifanywa shemasi wa kanisa letu mwaka 2014, na kwa miaka tisa alibeba sinia ya vikombe vya Meza ya Bwana bila kumwaga tone.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na msomaji asiharakishe.

Mwaka 2022 Phelix alianza kugonga vitu. Aligonga ndoo, akagonga kizingiti cha banda, akaanza kuwapita watu barabarani waliompa mkono kutoka upande wa kulia, nao wakaenda kusema kwamba fundi siku hizi anaringa. Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023 Eddah alimpeleka kliniki ya macho, wakaambiwa ni glakoma, yaani presha ya macho, kwamba inakula kuona kuanzia pembeni bila maumivu yoyote, kwamba jicho la kulia limekwisha karibu lote, na la kushoto limebaki kama mtu anayetazama ndani ya mpira wa maji. Daktari alikuwa mwema, akaeleza mara mbili, dawa ya matone ingechelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Walipotoka nje Phelix alikaa kwenye benchi, akasema, "Ni kama klia, Eddah. Ukishaimaliza, hakuna ya kurudisha." Hapo hapo, mbele ya wagonjwa wengine, akamwapisha mke wake kwa majina ya watoto wao kwamba hatamwambia mtu yeyote, si mchungaji, si mteja, na hasa si Gordon, kwa sababu Gordon angelia na kijiji kizima kingejua. Eddah akaapa. Kadi ya kliniki ameishika hapo alipokaa, mnaweza kuiona, ina tarehe na muhuri.

Kuanzia siku hiyo Eddah akawa macho ya banda. Aliacha kibanda chake cha kushona, akawa anabandika tepu kwenye kingo zote kabla bafa haijawashwa, tepu nyeupe, kwa sababu ile ya buluu Phelix hakuiona tena, na anashika tochi pembeni huku akisema polepole, juu kidogo, kushoto, karibu na taa, hapo, rudia. Phelix alijua joto la rangi kwa mgongo wa mkono na alijua mwendo wa sponji kwa sauti ya mashine, na kwa miezi mitatu magari yalitoka mle mazuri kuliko zamani. Watu walipomwona Eddah ameshinda bandani, walisema amekwenda kumlinda mume asinywe. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo mlivyosema, na mwingine yuko hapa anasonya.

Jumapili tarehe 5 Novemba 2023, Phelix akitoka safu ya tatu kwenda ya nne, sinia iligonga kona ya benchi upande wa kulia, vikombe vikamwagika vyote, kanisa likapumua mara moja. Gordon alikimbia kumsaidia kuokota, na alipoinama karibu naye, akasikia harufu. Mnajua sasa ilikuwa harufu ya nini. Jumamosi yote Phelix alikuwa amefanya kazi ya mtu wa Kimulot aliyetaka gari lake kabla ya ibada, na alifika kanisani na spiriti kwenye ngozi, lakini Gordon hakujua kazi ya kaka yake vizuri kiasi hicho, na hakuuliza.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya tarehe 24 Novemba 2023. Mzee Bethwel alikuwa amempa Phelix gari lake jeusi alitayarishe kwa harusi ya binti yake kesho yake, na siku hiyo Beverly aliamka na homa, Eddah akampeleka zahanati, akamwambia mumewe asiwashe mashine mpaka arudi. Foleni ilikuwa ndefu. Phelix aliona mchana unakwenda, akawaza harusi ya watu, akabandika tepu mwenyewe kwa kupapasa, na upande wa kulia wa bonneti hakufika mpaka mwisho. Eddah aliporudi saa tisa alimkuta amesimama, bafa imezimwa, kiganja chake kiko kwenye ukingo wa bonneti, anapapasa mahali palipoungua, urefu wa kidole, klia imekwisha na rangi imekwisha, chuma kinaonekana. Eddah alimshika kiunoni, na wote wawili walijua imekwisha.

Jioni hiyo Mzee Bethwel alikuja na Gordon. Mzee aliuliza tu, "Phelix, hii ndio nini umenifanyia?" na hakupandisha sauti, lakini Gordon alimwuliza kaka yake mbele ya mke wake na mbele ya watoto kama amelewa. Phelix angeweza kusema. Eddah alimfinya mkono aseme. Phelix akasema, "Ndiyo, Gordon. Nilikuwa nimekunywa." Eddah aliposhindwa kuvumilia na kumwuliza baadaye kwa nini, jibu lake lilikuwa kwamba fundi mlevi watu watamngoja aache, lakini fundi kipofu ni nani atamwachia gari, na Maxine ndiyo anaingia Fomu Tatu.

Jumapili tarehe 10 Desemba 2023 kamati ilikaa, katibu akaandika, na neno aliloliandika ni ulevi. Phelix alivuliwa ushemasi, akawekwa chini ya nidhamu, akanyimwa Meza, akahamishiwa benchi ya nyuma. Eddah alikuwepo siku iliposomwa, amekaa safu ya tatu, kadi ya kliniki iko kwenye mkoba wake, na alinyamaza. Mtu wa kwanza wa kulaumiwa katika historia hii si Gordon. Ni mwandishi wake, ambaye alikuwa na ukweli mapajani na akafunga zipu.

Miezi kumi na saba Phelix alikaa kwenye benchi ile, na hakukosa Jumapili hata moja. Magari yalipungua, akabaki na ya watu wa mbali wasiojua habari, na jicho la kushoto nalo likawa linafunga kidogo kidogo, mpaka akawa anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni. Eddah alimpigia magoti mara zisizohesabika amwachie aseme, akamwambia jina lako linaoza, akamwambia wasichana wanaitwa watoto wa mlevi shuleni, naye akalia, lakini hakumfungua kiapo. Januari mwaka huu Eddah aliamua liwe liwalo, akatembea mpaka langoni kwa Gordon, akabisha, na kabla hajafungua mdomo Gordon akamshika mkono kwa upole wa kweli na kumwambia, "Shemeji, vumilia, pombe ni ugonjwa, tunamwombea." Na Eddah akamshukuru. Jamani, alimshukuru, akageuka akarudi nyumbani.

Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, saa kumi alasiri, Phelix alikuwa anavuka barabara ya vumbi kutoka kibanda cha chai cha Mama Chemutai kwenda bandani kwake, hatua kumi na nne alizozijua kwa kichwa, na trekta la majani likaja kutoka kulia. Dereva alipiga honi, alipiga breki, alifanya kila kitu, asiwepo mtu wa kumtupia neno kijana huyo, kwani Phelix aliisikia honi na akageuka upande usiofaa, akitafuta kwa macho kitu ambacho macho hayakumpa. Alifariki hospitalini Kericho saa moja kasoro dakika ishirini jioni, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Maxine, akiwa na miaka arobaini na mitano na miezi kumi na moja kasoro siku moja. Na kabla hajapoa, mtu mmoja pale kwenye varanda ya hospitali alitikisa kichwa na kusema, ati pombe imemmaliza.

Hapo ndipo kiapo kilipoisha. Eddah aliomba daktari apime damu, na ripoti iko hapa pamoja na kadi, inasema hakukuwa na pombe hata kidogo. Jumapili mchana alimpelekea Gordon zote mbili. Gordon alizisoma amesimama, akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya kanisani, akalia kwa sauti, akamwuliza shemeji yake afanye nini, chochote, na Eddah akamwambia, utasoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya macho, waliomtibu kwa heshima na kutunza siri yake, wauguzi wa Kericho waliomwosha uso kabla watoto hawajaingia, dereva wa trekta aliyekuja kuchimba kaburi bila kuombwa, na majirani mliobeba kuni, maji na viti. Inamshukuru Mzee Bethwel Kiptum, ambaye binti yake aliolewa kwenye gari lenye jeraha, na ambaye hakuwahi kumfukuza Phelix kwenye ploti. Inamshukuru kwa namna ya pekee Mama Chemutai, ambaye tangu 2023 alikuwa hamwekei Phelix kikombe mezani, anakiweka mkononi mwake na kuvikunja vidole vyake kwenye mshikio, kisha anaendelea na shughuli zake. Yeye alijua bila kuambiwa, na hakusema kwa mtu.

Limebaki jambo moja. Jumatatu tarehe 12 Mei Eddah alikwenda mbele ya kamati kuomba neno lile lifutwe na mumewe azikwe na kanisa lake, na kwaya yake, na sare. Wazee walisikitika, mwenyekiti alifuta machozi, lakini walisema utaratibu wetu haujawahi kuvunjwa, kwamba aliye chini ya nidhamu hurudishwa kwa kuja mbele ya washarika, habari zake zikasomwa zote, mtu wa kamati akasimama naye, na washarika wakainua mikono, na kwamba marehemu hawezi kuja mbele. Eddah hakubishana nao. Alikwenda nyumbani akachukua kalamu.

Phelix amekuja mbele. Mnamwona hapo. Habari zake zimesomwa zote, mbele ya mchungaji na mbele ya washarika, na mtu wa kamati amesimama naye tangu mwanzo, na ni katibu, na kitabu cha kamati kiko chini ya mkono wake. Kama kuna kitu ambacho utaratibu unataka na hakijafanyika, mzee yeyote aseme sasa, Eddah atangoja, hana haraka, hana pa kwenda. Kama hakuna, Gordon atakuwa wa kwanza kuinua mkono, kisha awatazame. Asipoona mikono mingine, aikunje karatasi hii akae, na Eddah na mabinti wake wawili watamzika wenyewe, watatu wanatosha kuimba wimbo mmoja. Mstari uliobaki asiusome mpaka awe ameiona mikono yenu.

Baba Maxine, wamekurudisha. Lala sasa, mume wangu, upumzike.